Ngozi Ilipona Kabla Yangu

Tarehe 11 Machi 2022, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kwamba kuvaa barakoa hadharani si lazima tena nchini Kenya. Pale stejini kwetu Malinya, Kakamega, vijana wa bodaboda walizivua papo hapo. Mmoja aliitumia yake kufungia miguu ya kuku wa abiria aliyekuwa akielekea Musoli. Watu walifurahi, na walistahili, maana karibu miaka miwili ya kupumua pumzi yako mwenyewe si mchezo. Mimi niliingia duka la dawa nikanunua pakiti nyingine.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mzima, nimechanjwa. Korona ilikuwa imeacha kunitisha zamani. Nilichoogopa ni kutembea kutoka nyumbani hadi barabarani mashavu yakiwa wazi. Tangu Aprili 2020 serikali ilikuwa ikinilazimisha kufanya jambo nililolitamani tangu kidato cha pili, yaani kufunika nusu ya uso bila mtu kuniuliza sababu. Wengine waliihesabu miaka ile kama kifungo. Mimi, Mungu anisamehe, ndiyo miaka niliyotembea Kakamega mjini nikiwa nimeinua kichwa.

Kichekesho ni kwamba kufikia siku hiyo ya Machi uso wangu haukuwa tena na chunusi. Zilikuwa zimeisha. Madoa yalikuwa yamefifia kiasi kwamba ilibidi nimwonyeshe mtu kwa kidole ndipo ayaone, na hata hapo wengine walikubali kwa adabu tu. Tabibu aliyenitibu alikuwa ameshaniruhusu niende zangu. Ngozi ilikuwa imepona. Mwenye ngozi alikuwa bado.

Chunusi zenyewe zilianza kwenye paji la uso, zikashuka mashavuni, zikaweka makao kwenye taya. Sisemi vile vipele vya kupita vinavyomtokea kila kijana. Hizi zilikuwa na mzizi. Ukilalia shavu zinauma, zikiiva zinaacha doa, na doa hilo linakaa miezi na miezi kabla ya kuondoka. Ngozi nyeusi ndivyo ilivyo, ikiumia hata kidogo humwaga rangi zaidi pale palipoumia, na jua linazidi kuikoleza rangi hiyo. Wengi wetu hatusumbuliwi sana na chunusi kama tunavyosumbuliwa na alama inayobaki baada yake.

Kila mtu alikuwa na maelezo. Mwalimu mmoja alisema ni njugu na maparachichi. Wenzangu wa bwenini waliapa ni damu ya ujana imejaa, na dawa yake ni msichana. Jirani alisema damu ni chafu, akaleta chupa ya mwarobaini mchungu ajabu. Mama aliamini ni uchafu, akanipa kipande cha sabuni ya kufulia na kitambaa kigumu, nami nikasugua asubuhi na jioni hadi uso ukang'aa kama sufuria ya harusi. Ukiyachunguza maelezo hayo yote utaona yanakubaliana katika jambo moja tu, kwamba mwenye chunusi ndiye mwenye makosa. Anakula ovyo, haogi, au amekosa mpenzi. Hakuna aliyeniambia kwamba vinyweleo vya uso vina tezi za mafuta, kwamba homoni za ujana huzichochea tezi hizo zitoe mafuta kupita kiasi, tundu likaziba, bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila binadamu wakashamiri humo ndani, na mwili ukaanza kupigana nao. Kusugua kunaongeza jeraha juu ya jeraha. Takwimu inayotajwa sana na wataalamu wa ngozi ni kwamba takriban asilimia 85 ya watu wenye umri wa kati ya miaka 12 na 24 hupitia hali hii kwa kiwango fulani. Kwa hesabu hiyo darasani kwetu tulikuwa karibu sote, lakini aliyepewa jina la Ramani ni mimi peke yangu.

Sitakaa sana kwenye jina hilo. Liliisha tulipomaliza mtihani wa kidato cha nne. Waliolitumia wengi wao hawalikumbuki, nimewauliza.

Aliyejaribu kunisaidia kwa dhati alikuwa senge yangu, yaani shangazi, anayeishi Nairobi. Krismasi moja alikuja na tyubu ya krimu na sabuni, vyote vimefungwa kwenye gazeti, akanipa faraghani nyuma ya jiko ili wadogo zangu wasinicheke. Nilimpenda kwa hilo, na bado nampenda. Wiki za mwanzo krimu ile ilifanya maajabu. Uvimbe ulishuka, ngozi ikawa laini na nyepesi, watu kanisani wakasema nimeng'aa. Baadaye vipele vidogo vidogo vya aina moja vikanijaa usoni, na kila nilipojaribu kuiacha kwa siku mbili uso uliwaka moto, nikairudia mbio. Nilifikiri ni chunusi zinalipiza kisasi. Tabibu ndiye aliyenifanya nisome herufi ndogo pembeni mwa tyubu kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ilikuwa klobetasoli, steroidi kali ambayo hutumika kwa muda mfupi na kwa uangalizi, tena kwa kawaida si usoni. Akanipa na karatasi ya sabuni. Ndani ya sabuni hiyo kulikuwa na zebaki.

Zebaki kwetu Ikolomani si kitu cha kusikia redioni. Tangu Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, alipopata dhahabu karibu na Kakamega mwaka 1931 na wazungu wakamiminika na karai zao, ardhi hii haijaacha kuchimbwa. Kampuni ya Rosterman ilikuja ikaondoka. Vijana wa Bushiangala na kwingineko wamebaki wakishuka mashimoni kwa kamba. Vumbi la mawe wanalichanganya na zebaki kwenye beseni, inashika chembe za dhahabu, kisha wanaichoma ili ipae na dhahabu ibaki. Mjomba wangu aliifanya kazi hiyo kwa muda, na mama alimkataza kabisa asinawie mikono kwenye beseni letu. Mama huyo huyo aliiacha sabuni yenye madini yale yale ikae bafuni kwetu mwaka mzima, kwa sababu karatasi yake ilikuwa na picha ya mwanamke anayetabasamu. Huwezi kumlaumu. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi, ndiyo maana mtu hung'aa, na huku nyuma inaingia mwilini kudhuru figo na neva. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998, na Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki umekuwa ukitumika duniani tangu 2017. Bado sabuni ile ilisafiri kwa basi kutoka Nairobi hadi nyuma ya jiko letu bila kuulizwa na mtu.

Sasa nieleze habari ya vioo, maana hapo ndipo ugonjwa wa pili ulipojificha.

Nyumbani tulikuwa na kioo kimoja kidogo cha mama, chenye ufa. Hicho hakikunisumbua. Kilichonitawala ni vile vioo vya pembeni vya pikipiki. Pale stejini pikipiki hupangwa mstari, pua zikielekea barabarani, na mimi sikuweza kupita bila kuchungulia kila moja. Kilichopinda kilinivimbisha taya. Chenye vumbi kilinipa nafuu. Chenye rangi ya samawati kilinifanya nionekane kama maiti. Nilitembea siku nzima na ripoti ya kioo cha mwisho nilichopita. Mwendeshaji mmoja, mzee wa makamo, aliwahi kuniambia, "Kijana, hicho ni cha kuangalia lori likija nyuma, hakijawekwa kwa ajili ya bwana harusi." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikaanza kupitia njia ya nyuma ya soko.

Kwa kinyozi nako kuna kioo mbele na kioo nyuma, na taa nyeupe juu ya kichwa, kwa hiyo nilinyolewa nyumbani na kaka yangu kwa mashine ya kukopa. Chuoni nilichagua uchomeleaji wa vyuma. Nimewahi kuwaambia watu kwamba niliupenda ufundi huo tangu utotoni. Ukweli ni kwamba fundi wa kuchomelea huvaa kinyago cha chuma kinachofunika uso mzima, na hakuna anayemuuliza. Ajabu ni kwamba baadaye niliupenda kweli, lakini hiyo ni habari nyingine.

Halafu kuna kitambulisho. Kenya mtu akifika miaka 18 anakwenda kukiomba: cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, alama za vidole, picha. Ni ile picha. Wenzangu walikwenda kwa makundi, wakarudi na vikaratasi vyao vya kusubiria wakivirusha juu. Mimi nilisema nitakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa miaka. Bila kitambulisho sikuweza kuomba mkopo wa elimu wa HELB, baba akauza ng'ombe kulipa karo. Laini yangu ya simu ilisajiliwa kwa jina la mama, kwa hiyo nilipopata vibarua vya kuchomelea milango, pesa ziliingia kwenye M-Pesa yake na yeye alijua kila senti. Nilikuwa mtu mzima ambaye kwa makaratasi hayupo, na sababu yake ilikuwa taya la kushoto.

Tiba ya ngozi nitaipita haraka kwa sababu haikuwa na miujiza. Katikati ya 2020 vyuo vikiwa vimefungwa, ule moto wa krimu ulinizidi nikaenda kliniki ya ngozi hospitalini, mjini Kakamega. Aliyenihudumia hakuwa daktari bingwa. Hao nchini ni wachache na wengi wako Nairobi. Alikuwa tabibu aliyesomea magonjwa ya ngozi Moshi, kwenye kile kituo kilichofunguliwa mwaka 1992 kando ya hospitali ya KCMC kufundisha matabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Aliniondoa kwenye steroidi polepole, akaitupa sabuni, akaniandikia jeli ya usiku na vidonge vya doksisaiklini vya miezi kadhaa. Niliosha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni ya kawaida isiyo kali, nikakatazwa kuminya na kupaka mafuta mazito ya nywele yanayoteremka kwenye paji la uso, na kofia ikawa lazima juani. Alinionya kwamba sitaona tofauti kabla ya miezi miwili au mitatu, na kwamba wengi huacha dawa wiki ya nne wakidhani haifanyi kazi. Kufikia mwisho wa 2021 kazi ilikuwa imekwisha.

Lakini niliendelea kurudi. Kila baada ya muda nilikuwa nimekaa kwenye lile benchi nikiwa na doa jipya la kumwonyesha, tundu, mstari, upande mmoja wa taya ulioshuka kuliko mwingine. Mara ya mwisho alisogeza taa, akatazama kwa ile lenzi yake kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema, "Mimi naona ngozi ya mtu wa umri wako. Hebu niambie wewe unaona nini." Nilianza kueleza. Nilieleza na kueleza. Alipoinuka aliandika karatasi ya kunipeleka kwenye kliniki ya afya ya akili, jengo lingine, hospitali ile ile. Nikaikunja nikaitia mfukoni, ikakaa humo miezi.

Wanaume wa kwetu tuna sababu nyingi za kutokwenda mahali kama hapo, na zote nilizipitia. Kwamba watu wa Malinya wangesema nimerukwa na akili, na habari ingefika nyumbani kabla yangu. Kwamba uso ni shughuli ya wanawake. Kwamba kuna vijana wa rika langu wanaofukiwa na udongo mashimoni, nami nataka nionewe huruma kwa doa. Kwamba niombe tu. Lakini sababu iliyokuwa na nguvu kuliko zote sijasikia watu wakiitaja. Kwenda kutibiwa akili kwa ajili ya uso ni kukubali kwamba pengine uso hauna neno. Na kama hauna neno, miaka yote ile nilikuwa nakimbia nini? Ilikuwa rahisi kwangu kuendelea kuwa mbaya wa sura.

Mtu aliyenitikisa ni nyanya yangu, ambaye sote tunamwita Kukhu. Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu. Ndiyo maana nilipenda kukaa kwake kuliko mahali popote. Nilikuwa nakula pale, nalala pale, barakoa naitundika mlangoni. Siku moja, akichambua maharagwe kwa vidole, aliniuliza, "Nasikia bado unafunga kitambaa usoni ukitoka. Nani mgonjwa?"

"Hakuna, Kukhu."

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi unamficha nani?"

Sikuwa na jibu, naye hakulingoja. Alirudi kwenye maharagwe.

Ukaja uchaguzi. Agosti 9, 2022 nilibaki nyumbani, kwa kuwa bila kitambulisho sikuweza kuandikishwa kupiga kura. Kakamega tulikuwa na bahati, maana kura ya ugavana iliahirishwa kwa sababu karatasi za kura zilichapishwa na makosa, ikapigwa Agosti 29. Kwa hiyo nilipata nafasi ya kutokupiga kura mara mbili. Jioni ya siku ile ya pili, ndugu zangu wakilinganisha vidole vyenye wino, nilitoa ile karatasi ya tabibu mfukoni nikaigeuza nyuma. Sikuandika lolote kuhusu sura yangu. Niliandika vitu nilivyoacha kufanya. Kitambulisho. Kinyozi. Kwaya. Ng'ombe wa baba. Kura. Njia ya mbele ya soko. Msichana fulani wa Shinyalu ambaye hakuwahi kujua. Nilipoishiwa na nafasi nilielewa kwamba swali la kama nina sura mbaya au nzuri halikuwa na maana tena. Hata kama vioo vyote vilisema kweli, bei niliyokuwa nalipa ilikuwa kubwa mno kwa taya moja. Nikaenda.

Hakukuwa na lolote la kutisha ndani. Muuguzi wa magonjwa ya akili, meza, kalenda ya kampuni ya dawa ya mwaka uliopita. Aliniuliza muda ninaotumia kila siku kuwaza juu ya uso, na kama ninauangalia mara kwa mara, ninauficha, ninaulinganisha na wa wengine, ninawauliza watu kama naonekana sawa. Maswali yale yalinishangaza kwa jinsi yalivyojua nyumbani kwangu. Kumbe yana historia. Mwaka 1891 daktari wa Kiitalia, Enrico Morselli, aliandika kuhusu watu wa kawaida kwa sura walioteswa na wazo kwamba wana kasoro ya kutisha. Tafiti za siku hizi katika nchi mbalimbali zinakadiria hali hiyo kwa kama watu wawili katika kila mia, wanaume kwa wanawake, na kwa wengi huanza kabla ya miaka 18. Mara nyingi kunakuwa na kitu kidogo cha kweli cha kuanzia, kovu, pua, chunusi. Wengi huenda kwa daktari wa ngozi au wa upasuaji kwanza, na wengi hawaridhiki na matokeo, kwa sababu kisu hakifiki pale panapouma. Si kila mwenye chunusi yumo humo. Kijana anayechukia chunusi zake, akapata dawa, zikaisha, akaendelea na maisha, huyo hana neno.

Aliniuliza pia kama nimewahi kutamani kutokuwa hai. Nilisita. Wakati huo kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na sote tulikijua hivyo hivyo kwa kusikia. Mahakama Kuu ilikuja kukitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025, na nadhani hukumu ile itaokoa watu kimya kimya, watu watakaojibu swali hilo bila kuangalia mlango kwanza. Mimi nilijibu kwamba nimewaza, sijapanga. Hakuita polisi. Aliandika, akaniuliza tena kila nilipokwenda.

Matibabu yalikuwa kazi za nyumbani, na nilizichukia. Kioo nikitazame kwa umbali wa mkono, mara moja asubuhi, nitaje ninachokiona bila neno la kuhukumu: nyusi mbili, pua, doa la hudhurungi. Vioo vya pikipiki marufuku. Kumuuliza mama kama taya limekaa sawa, marufuku. Jibu lake lilikuwa linanituliza kwa dakika chache tu kisha nalitaka lingine. Barakoa nikaivua kwa hatua, kwa Kukhu, dukani, stejini, kwa kinyozi. Na kila kabla ya kutoka niandike ninachotabiri watu watafanya, nikirudi niandike walichofanya. Wengine huongezewa dawa, za lile kundi linalotumika kutibu sonona, na zinasaidia. Kwangu tulisubiri kwanza, haikuhitajika.

Kazi ngumu kuliko zote muuguzi aliipanga Desemba, siku ya fahali kupigana. Anayeijua Malinya anajua maana yake. Alfajiri umande haujakauka, fahali wanashuka kutoka kila mlima wakizungukwa na watu wanaokimbia, filimbi, pembe, na isukuti, zile ngoma za Waisukha na Waidakho ambazo dansi yake UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Uwanja unajaa hadi watu wanapanda miti. Sikuwa nimekanyaga pale tangu kidato cha pili. Kwenye karatasi nilitabiri: watatazama taya la kushoto, mtu atataja jina Ramani, msichana atamnong'oneza mwenzake.

Fahali wawili walikutana vichwa. Mlio wa pembe zikigongana huusikii kwa masikio peke yake, unaingia tumboni. Walisukumana, vumbi, wenye fahali wakiimba matusi, kisha mmoja akateleza, akachomwa ubavuni, akageuka akakimbia, na fahali akishindwa hachagui njia. Alikuja upande wetu. Tulikimbia sote kuingia shamba la mahindi la mtu, mabua makavu yakivunjika, na mwanamume nisiyemjua alikuwa ameshika shati langu nyuma kana kwamba mimi ndiye mwenye breki. Tuliposimama alikuwa ananitazama usoni kutoka umbali wa shubiri moja, mchana kweupe, macho yamemtoka. Nikangoja.

"Umeona vile amemchoma?" akasema. "Ubavuni! Umeona?"

Nilisema nimeona. Akaniachia shati akarudi uwanjani mbio.

Hiyo haikuniponya. Siku iliyofuata niliamka nikiwa na yakini kwamba hakuangalia vizuri. Lakini nilikuwa na kitu kwenye karatasi, na karatasi zilizidi kujaa, na baada ya muda utabiri wangu ulianza kuniaibisha wenyewe, kama ripoti za mtu wa hali ya hewa asiyepatia hata siku moja. Mapema 2023 nilikwenda kuomba kitambulisho. Picha iliyotoka ni mbaya. Mtu aliye ndani yake anaonekana kama ameamshwa na askari usiku. Nimeilinganisha na za wenzangu na nikakuta zote ni hivyo, hata ya yule msichana wa Shinyalu.

Bado nina siku mbaya. Nikichoka, au nikikosa kazi wiki nzima, kioo cha pikipiki kinaniita kwa jina. Tofauti ni kwamba sasa najua ni mwito wa nini, na wakati mwingine najibu, wakati mwingine sijibu.

Likizo iliyopita mpwa wangu wa miaka 14 alianza kuvaa sweta lenye kofia adhuhuri. Akaniomba pesa kisirisiri. "Anko, kuna msichana shuleni anauza krimu, inaondoa." Akanionyesha kikopo kidogo kisicho na maandishi yoyote, alichokopeshwa ajaribu. Sikumwambia kwamba ni mrembo. Nami niliambiwa sana, halikuwahi kupita masikioni. Nilimuuliza ameacha kufanya nini. Alifikiri. Akasema ameacha kukaa mbele darasani, na ameacha kusoma somo kanisani.

Nilimwambia dada yangu waanzie zahanati, waulize siku ya kliniki ya ngozi, na wabebe kila anachopaka ili kionwe. Kama vipele vitaisha na bado hataki kusoma somo, basi lile jengo lingine. Dada aliuliza kama habari ya jengo lile italazimika kufika shuleni. Nikamwambia hapana, hilo ni lao na daktari. Walikwenda Jumanne, na mtoto alikuwa amekificha kile kikopo ndani ya soksi.